Nusu ya Kurudi

Usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba 1915, afisa wa Kijerumani aitwaye Rosenthal aliingia katika maji ya Ziwa Tanganyika akaogelea kuelekea ufuko wa Kongo. Alikuwa mmoja wa mabaharia wa manowari Königsberg, ambao baada ya meli yao kuangamizwa kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai walihamishiwa ziwani. Meli yake ndogo, Hedwig von Wissmann, ilimsubiri gizani. Alitaka kuona kwa macho yake Wabelgiji na Waingereza wanajenga nini karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, jirani na mji unaoitwa Kalemie leo.

Alifika, na akaziona njia za kushushia boti majini. Kilichomshinda ni kurudi. Gizani hakuiona tena Hedwig, na kulipopambazuka askari wa Wabelgiji walimkamata. Akiwa kifungoni alijaribu kuwapelekea wenzake ujumbe wa siri, lakini wao walichelewa kuung'amua.

Gharama ya kupotea kwake ilionekana baada ya wiki chache. Tarehe 26 Desemba, boti mbili za injini za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa reli na kukokotwa porini, ziliingia ziwani zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zamu ikawa ya Hedwig, ikazamishwa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Sisi tuliozaliwa Kabwe tunaijua Liemba kuliko tunavyoijua vita iliyoizamisha. Siku hizi kuna gati. Zamani meli ilisimama mbali, mitumbwi ikaifuata, na watu, magunia na kuku wakahamishwa huku mawimbi yakipandisha na kushusha kila kitu. Kwa hiyo nilipokutana na kisa cha Rosenthal nikiwa nasoma kwa ajili ya shahada ya uzamili, sikushangaa kwamba mtu hodari wa kuogelea alipotea. Nilishangaa kwamba vitabu vinamweleza kama mtu aliyekosa bahati. Kwetu angeambiwa hakujifunza nusu ya pili ya kuogelea, ile ya kurudi.

Historia ya kuogelea mbali, kama inavyosimuliwa duniani, ni historia ya nguvu na saa. Huanza na Matthew Webb, nahodha Mwingereza aliyevuka mlango wa bahari kati ya Dover na Calais tarehe 24 na 25 Agosti 1875, kwa saa 21 na dakika 45. Umbali ule, ukinyoosha kamba, ni takriban kilometa 33. Tangu hapo waogeleaji wamehesabu kilometa, nyuzi joto za maji na dakika.

Lakini mwanahistoria Mmarekani Kevin Dawson, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu Waafrika na maji, anaonyesha kwamba kwa karne kadhaa kabla ya Webb, Wazungu waliofika Afrika Magharibi walistaajabia uogeleaji wa watu wa pwani ile. Wazungu wengi wa wakati huo, hata mabaharia, hawakujua kuogelea kabisa. Waafrika walijifunza utotoni, kama wanavyojifunza kutembea, kwa sababu kazi zao zilikuwa majini. Hakuna aliyesimama ufukweni na saa mkononi kuwapima.

Ziwa letu nalo halipimiki vizuri kwa kamba. Lina urefu wa takriban kilometa 670, upana wa wastani wa kilometa 50, na kina kinachozidi mita 1,400. Maji ya juu ni ya uvuguvugu, kwa hiyo baridi haimuui mtu upesi kama ingemuua kule Dover. Hatari yake ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu na kusukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanakaribiana kuliko yale marefu ya bahari kuu. Hujamaliza kuvuta pumzi baada ya moja, la pili limekufikia usoni.

Wavuvi wa dagaa na migebuka wanaoingia usiku na taa wanajua kanuni ambazo sijazikuta katika kitabu chochote cha michezo. Mtumbwi ukipinduka, usiuache, maana mbao huelea na mtu huchoka. Ukilazimika kuuacha, usiogelee kulenga kijiji chako upepo wa kusini ukivuma. Lenga kusini yake, maji yatakurudisha. Tazama milima: ukingo wa Ufipa upande mmoja, Marungu ya Kongo upande wa pili, na usivichanganye. Usiku wa giza fuata taa za wenzako. Usiku wa mbalamwezi taa hazipo, kwa sababu wavuvi hupumzika, lakini milima inaonekana. Ukichoka, lala chali. Na usitokee kwenye mdomo wa mto, kuna mamba.

Baba yangu mdogo alirudi kwa kanuni hizo, akiwa amekumbatia dumu tupu la mafuta. Walikuwa watatu kwenye mtumbwi. Anasema wawili wale walikuwa na mikono yenye nguvu kuliko yake, na ndiyo maana walianza kuogelea mara moja. Mfa maji haishi kutapatapa, na kutapatapa kunahitaji nguvu. Yeye alisubiri kupambazuke ajue ufuko uko upande gani. Hapendi kuulizwa zaidi ya hapo, nami nimeacha kumuuliza.

Wala hatari haiko katikati ya ziwa tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kinakaribia kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Kivuko kilichozidiwa abiria hakirekebishwi na abiria wake, na aliyefungiwa chini ya chuma hana pa kuogelea. Ninachosema ni kwamba tuna nchi yenye maziwa makuu matatu na bahari, na bado tunaamini maji yanawaua walio mbali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na miongoni mwa hatua linazoshauri ni kuwafundisha watoto wa shule kuogelea na kujiokoa. Shule niliyosoma ilikuwa mwendo mfupi kutoka ziwani. Tulifundishwa majina ya mito ya Ulaya. Tulikatazwa kusogelea maji, na aliyekutwa na nywele mbichi alichapwa. Tulijifunza kuogelea kwa kutoroka, bila mtu mzima wa kutuambia habari za upepo, milima na mamba.

Jina la Rosenthal limehifadhiwa kwa sababu alikuwa na cheo na vita yake iliandikwa. Wazee wa mwaloni, wanaojua kwa nini alipotea, hawajaandikwa popote, na kila mwaka wanapungua. Tasnifu yangu inahusu meli za vita za ziwa hili. Nimeomba kuongeza sura moja, ya kanuni za kurudi, na msimamizi wangu ameniuliza vyanzo vyake ni vipi. Nimemjibu kwamba viko hai, lakini tuharakishe.