Hombo: kutoka nyama ya pori hadi tomson

Mama anayetafuta mboga ya kulia bugali kwenye barabara ya Bukavu–Walikale anakutana leo na tomson iliyovuliwa baharini, makayabu, na sambaza kavu za ziwa Kivu. Samaki hao wote wametoka mbali. Mababu wa Hombo, wenye mto mlangoni na pori nyuma ya nyumba, wangeshangaa.

Zamani Banyanga, Batembo, Barega na Batwa walikula vya pori. Wanaume waliwinda kwa nyavu, mbwa na mitego: mboloko, nguruwe ya pori, tumbili. Wanawake waliziba vijito wakati wa kiangazi, wakatoa maji na kuokota samaki na kaa. Mbuzi hawakuchinjwa ovyo, maana ndio waliolipa mahari. Hata hivyo si kweli kwamba wazee waliua bila kipimo. Katika hadithi ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck aliiandika mwaka 1956 kutoka kwa Banyanga, shujaa huyo anapandishwa mbinguni na kuadhibiwa kwa sababu ya kuua, kisha anakatazwa kuua tena wanyama.

Kule Masisi mambo yalikwenda njia nyingine. Kuanzia 1937 Wabeleji walileta familia nyingi kutoka Rwanda, zikaja kulima na kufuga. Miti ilikatwa, milima ikawa majani ya ngombe. Baada ya 1973, serikali ya Mobutu ilipochukua mali ya wageni, mashamba makubwa yaliingia mikononi mwa watu wachache wenye nguvu. Nyama na fromaji ya Masisi vikajulikana Goma na mbali zaidi. Lakini kuona ngombe mlimani si kula ngombe: mlimaji aliyekosa shamba alinunua nyama siku ya sikukuu tu.

Upande wa samaki, Wabeleji walihimiza watu kuchimba vidimbwi vya tilapia, na kufikia uhuru vilikuwa zaidi ya laki moja katika Congo nzima. Vingi viliachwa baada ya 1960, vikajaa matope na majani. Kilichodumu ni sambaza. Samaki huyo mdogo hakuwa wa ziwa Kivu. Alitolewa Tanganyika karibu mwaka 1959 na kumwagwa humo. Leo watoto wengi wa Kivu hawajui kwamba naye ni mgeni.

Kisha pori likafungwa. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000 hivi, ikishuka upande wa Walikale na Shabunda. Batwa walifukuzwa bila kupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Aliyekuwa mwindaji jana akaitwa mwizi, na hakuna aliyemwonyesha atakula nini badala yake. Jambo hilo linauma mpaka sasa.

Vita viliharibu pande zote mbili. Mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993, yalienea Masisi, na ngombe wakachinjwa au kuibwa kwa maelfu. Mwaka 1996 wakimbizi wa Rwanda walipita Hombo kwa miguu wakielekea Tingi-Tingi. Bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji wakaingia parki na wenye bunduki, na wote walipaswa kula. Tembo walikwisha sehemu kubwa. Sokwe wakubwa wa mashariki, waliokadiriwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990, walihesabiwa 3,800 tu mwaka 2016. Mtego wa kamba wa babu haukufanya hivyo. Bunduki na soko la migodi ndivyo vilivyofanya.

Pesa ya kasiterite ya Bisie ndiyo iliyozoesha watu kununua mboga badala ya kuitafuta. Tomson, nyingi yake ikivuliwa Namibia, huja ikiwa barafu kwenye katoni. Barabara ikikatika, inaoza au bei inaruka. Mwezi wa tatu 2025, vita vilipofika Walikale-centre, familia nyingi zilikimbilia porini na kurudi kwenye sombe na chumvi peke yake.

Wahami wa Masisi waliofika bila mbuzi hata mmoja wamebaki na kanyama kamoja kanakowafaa: dende. Anakula majani, anazaa upesi, anafugwa jikoni, na mwenye silaha hamsumbukii sana. Mama anaweza kubeba dume na majike wawili ndani ya kikapu siku ya kukimbia. Wengine humdharau, wakisema ni nyama ya watoto. Ni kweli watoto ndio wanaomfuga mara nyingi, na ndio wanaohitaji nyama hiyo kwanza.