Kupokezana Nyimbo katika Njia ya Unyamwezi

Msafiri wa zamani aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alikuwa hana budi kupita Kigwa. Akiisha kuivuka nyika ya Mgunda Mkali, akapumzika Tura na kupita Rubuga, ndipo alipoingia katika msitu wa Kigwa. Na baada ya hapo mwendo uliobaki ulikuwa mfupi tu kufika Kaze na Kwihara, yaani mahali tunapopaita leo Tabora. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Stanley alipopita mwezi wa Juni 1871, Kigwa ilikuwa imekwisha kuharibiwa na vita. Vitabu vya Wazungu hao vyatupa habari nyingi za hongo, za visima, za bei ya nguo na shanga, na za wapagazi waliotoroka. Katika makala haya nataka kuufuata mzigo mmoja ambao haukuandikwa katika daftari ya mfanyi biashara yeyote, ijapokuwa ulipita Kigwa kila siku ya Mungu: nao ni wimbo.

Msafara wa zamani haukwenda kimya. Mbele alikwenda kirangozi, amejipamba kichwani kwa manyoya na ngozi za wanyama, na nyuma yake mpiga ngoma. Na msururu wa wapagazi ukafuata, kila mmoja na pembe yake au mtumba wake wa nguo begani. Mtu mmoja huanza, wengine wote huitikia. Kiitikio kilikuwa kifupi, maana mtu aliyejitwika mzigo mzito hana pumzi ya maneno mengi. Lakini maneno ya mwanzishaji yalikuwa hayana mwisho. Aliweza kuimba njaa, au mke aliyeachwa nyumbani, au ubahili wa tajiri aliyepanda punda. Hapo ndipo ilipo siri ya nyimbo za njiani: kiitikio ni cha wote, nacho hudumu, maneno ya mwanzishaji ni yake mwenyewe, nayo hubadilika kila kituo. Mtu aliyesikia wimbo Ugogo, akautia maneno mapya Kigwa, hakuhesabiwa kuwa ameiga. Alihesabiwa kuwa mwimbaji.

Njia yenyewe ilisaidia jambo hili. Wanyamwezi waliokwenda pwani kila mwaka walihesabiwa kwa maelfu, na huko walikaa miezi wakingoja mizigo ya kurudi nayo. Walicheza ngoma zao Bagamoyo, na waliwatazama watu wa mwambao wakicheza zao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa na Velten mwaka 1903, alieleza habari za ngoma na habari za safari za bara katika kitabu kimoja. Nami sidhani kwamba ni bahati tu, kwa kuwa mtu wa mrima wa wakati wake alizijua zote mbili kwa macho yake. Tena kulikuwa na utani. Stephen Rockel, aliyetoa mwaka 2006 kitabu kikubwa juu ya wapagazi, ameonyesha jinsi utani wa makabila ulivyotanda pamoja na njia za misafara, Wanyamwezi na Wazaramo na wengineo. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha mtani wake na kumcheka nacho. Naona mimi kwamba ruhusa hiyo haikuishia katika kuku na nguo. Wimbo wa mtani ukichukuliwa na kugeuzwa maneno ili kumcheka mwenyewe, hakuna wa kumpeleka mwingine kwa jumbe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi wa njia kuu ikafa. Nyimbo hazikufa nayo. Huko Usukumani, kwa jirani na ndugu wa Wanyamwezi, nyimbo za wawindaji na za wapagazi ziliingia shambani, zikaimbwa na vyama vya wakulima kwa kufuata pigo la jembe. Frank Gunderson amezikusanya na kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 2010. Na katika mashindano ya Bagalu na Bagika kuchukua wimbo wa adui ni silaha. Upande mmoja huimba, na upande wa pili huweza kuushika wimbo ule ule na kuujibu. Wasikilizaji hutambua wimbo ulikotoka, na utamu wote u katika kutambua huko. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linalopotea baadaye.

Ngoma ya beni sitaieleza kwa urefu, maana Terence Ranger amekwisha kuiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Inatosha kukumbusha kwamba watu wa mwambao waliyachukua matarumbeta na mwendo wa gwaride la Wazungu, wakayatia maneno ya Kiswahili na ushindani wa mitaa. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vyama vya Marini na Arinoti vilienea pamoja na askari na wapagazi wa jeshi. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, na katika mji ule uliojaa watu wa kila upande, ngoma ya pwani haikuwa ngeni tena. Msomaji ataona kwamba kanuni ilikuwa ile ile ya kirangozi: sauti imechukuliwa, maneno yametungwa upya.

Santuri ndiyo iliyoleta mageuzi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mashine ya kampuni ya gramafoni. Tangu hapo wimbo wa Kiswahili ulikuwa na mambo mawili ambao haukuwa nayo kwanza. Uliweza kurudiwa mara mia bila kubadilika hata pumzi. Na juu ya sahani palibandikwa karatasi yenye jina. Kwa mara ya kwanza mtu wa bara aliyeusikia wimbo aliweza kusoma ni wa nani, ikiwa karatasi ile ilisema kweli. Siti alifariki mwaka 1950, lakini nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na wengine, hasa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Vijana wengi wa leo waujua wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe kwa sauti ya Bi Kidude, wala hawajapata kumsikia Siti kabisa. Kwa uadilifu yafaa kusema kwamba Bi Kidude hakulificha jina la Siti. Alilitaja, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Kuanzia mwaka 1933 zilikuja santuri nyingine zilizoandikwa herufi za GV. Hizi zilikuwa nyimbo za Kuba na nchi za jirani zake, zilizochaguliwa na kampuni ya Uingereza kwa kuuzwa Afrika. Wapiga gitaa wa Tanganyika hawakujua Kihispania. Walijifunza kwa sikio, wakirudisha sindano nyuma tena na tena, na pale maneno yaliposhindikana walitia ya kwao. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake ya kwanza jina la La Paloma, kwa wimbo wa Mhispania Iradier uliokuwa umekwisha kuizunguka dunia. Na bendi iliyompatia sifa aliiita Cuban Marimba. Hakuna aliyemwona kuwa mwizi wa Wakuba. Alizichukua mdundo na mpangilio wa vyombo, kisha akaimba mambo ya Morogoro kwa Kiswahili chake, na alipofariki mwaka 1965 alikuwa mtungaji ambaye wengine wanamwiga yeye.

Tabora nayo ilikuwa mahali pa kusikilizia pande mbili. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilileta santuri za pwani, na treni ya kutoka Kigoma ilileta wanamuziki waliokwisha kusikia magitaa ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ndiko walikotokea Kiko Kids wa Salum Zahoro, na Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz. Shem Karenga, mtungaji wa Dada Asha, alipiga muziki Kigoma kabla ya kujiunga na Tabora Jazz, yaani aliifuata njia ya msafara kwa upande wa magharibi. Ukiisikiliza mipigo ya bendi hizo utasikia Kuba ndani yake, na Kongo ndani yake, na juu ya yote Kiswahili kilichonyooka. Wanamuziki wenyewe wana neno la kupambanua mambo. Bendi ikipiga wimbo wa bendi nyingine kama ulivyo, husemwa kwamba inapiga kopi, na neno hilo lina dharau kidogo. Bendi changa huvumiliwa, bendi kubwa huchekwa. Lakini wimbo ukichukuliwa na kugeuzwa, neno hilo haliambatani nao kwa urahisi. Kwa hiyo jamii ya dansi ilikuwa na sheria yake kabla ya sheria ya serikali, na kwa maoni yangu ilikuwa sheria nzuri, isipokuwa ilikuwa na upungufu mmoja: ililinda heshima ya mtungaji mbele ya watu wanaomjua tu.

Mbele ya wasiomjua, jina huanguka njiani. Tazama wimbo wetu wa Taifa. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu Enoch Sontonga huko Afrika ya Kusini. Ikapita katika kwaya za shule na katika mikutano ya siasa, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikaupokea kwa maneno ya Kiswahili. Ni wimbo ulioimbwa upya kuliko wote tulio nao. Lakini Sontonga alifariki mwaka 1905, kaburi lake likasahauliwa hata mahali pake pakawa hapajulikani, na ni katika mwaka 1996 ndipo lilipotangazwa kuwa ukumbusho wa taifa lake. Ni wangapi kati ya wanafunzi wanaousimamia wimbo huo asubuhi wanaoweza kumtaja? Nimewauliza wangu, na jibu lao silitaki kuliandika.

Mfano wa pili ni Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi pamoja na Jambo Boys mwaka 1960; Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika santuri yao ya mwaka 1965; Boney M. wakauimba mwaka 1981. Angélique Kidjo akauimba mwaka 1991. Adam Salim wa Tanganyika alisema maisha yake yote kwamba ndiye aliyeutunga. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachotaka kionekane ni jinsi ilivyowezekana kutokea. Wimbo uliimbwa katika mabaa na majumba ya dansi ya Nairobi kwa desturi ya kirangozi, kila mtu akiuchukua anapoupata. Kisha ukaingia katika santuri, ambayo haina nafasi ila ya jina moja. Aliyefika wa kwanza mbele ya mashine ndiye aliyeandikwa. Na Shauri Yako nao ni vivyo hivyo kwa namna nyingine: uliimbwa na Nguashi Ntimbo wa Kongo, lakini Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi, waliuimba upya kwa ustadi hata watu wengi wa Afrika ya Mashariki wakaudhani kuwa wao. Hapo mtungaji anajulikana, lakini amefunikwa.

Husikika siku hizi hoja ya kwamba kuchukua wimbo bila ruhusa ni mila yetu, na kwamba hakimiliki ni jambo la kigeni. Wanaosema hivyo hupenda kuwataja wapagazi. Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, nami naikataa. Mpagazi aliyechukua wimbo wa mwenzake alilipa palepale. Alilipa kwa maneno mapya, na kwa kuitikia zamu yake wimbo wa yule yule alipoanzisha mwingine. Na mwenye wimbo alikuwapo, mzigo begani, akisikia. Faida ya wimbo ilikuwa mwendo, na mwendo uligawanywa sawa kwa wote. Nani atasema hivyo juu ya kampuni inayouza wimbo mahali ambapo mtungaji hawezi kufika? Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi kanda zao Radio Tanzania, na kanda hizo zimehifadhiwa, lakini kuhifadhi sauti si kuhifadhi haki. Sheria ya mwaka 1966 ilikuwapo. Sheria ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, imekuja ikiwa wengi wa wale waliozipiga nyimbo hizo wamekwisha kuzeeka au kufa. Wala sheria peke yake haitoshi. Katika Bagalu na Bagika hakuna sheria iliyoandikwa, lakini msikilizaji anajua wimbo ulikotoka, na ujuzi huo ndio unaomlinda mtungaji. Kazi ya kuurudisha ujuzi huo ni yetu sisi wa vyuo, kwa kuandika nani alipiga gitaa gani, katika bendi gani, mwaka gani, wakati wangali wako wa kuulizwa.

Katika miaka ya 1990 wanamuziki kadhaa wazee walikusanyika Dar es Salaam wakaunda Shikamoo Jazz, na Salum Zahoro wa Kiko Kids alikuwa mmoja wao. Wakawa wakipiga upya nyimbo za ujana wao mbele ya watu ambao wengi walikuwa hawajazaliwa zilipopigwa kwanza Tabora. Zahoro aliposhika gitaa jukwaani, aliyetunga na anayeurudia wimbo walikuwa mtu mmoja, na kama kijana yeyote alitaka kuuliza ulikotoka, mwenyewe alikuwa amesimama pale.