Filamu Tulivu na Barabara ya Suneka

Suneka ni mji mdogo wa soko katika eneo la Bonchari, kandokando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori. Una uwanja mdogo wa ndege, na hauko mbali na mpaka unaowatenganisha Abagusii na majirani zao Wajaluo. Kwa sababu hiyo Kiswahili kimekuwa sokoni humo lugha ya kuuziana na kupatana. Bidhaa hupita hapo mchana na usiku: ndizi, chai, mawe ya sabuni ya Tabaka, nguo na mafuta. Swali linalochunguzwa na makala haya ni hili: filamu nayo hupita kwa njia gani? Hasa filamu tulivu, yaani mchezo wa sinema usiokuwa na bunduki wala mbio za magari, wenye kueleza huzuni na maamuzi ya watu wa kawaida, humfikiaje mtazamaji aliye mbali na majumba ya sinema ya mijini?

Jibu lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na msukumo ulitoka katika Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa. Nyingi zilihusu kodi, posta, safura, malaria na mmomonyoko wa udongo, lakini baadhi yake zilikuwa hadithi fupi zilizoigizwa na wenyeji. Lori lenye mashine ya umeme, projekta na pazia lilizungushwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na umati ulikusanyika viwanjani usiku.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatiwa zaidi katika jaribio hilo ni sauti. Picha zilikuwa moja, lakini maelezo yalirekodiwa katika santuri mbalimbali: Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na nyinginezo. Basi tangu mwanzo ilifahamika kwamba kusambaza filamu si kuchukua mkanda tu kutoka mahali hadi mahali, bali ni kuupatia ulimi kila ufikapo. Hata hivyo, fedha za wafadhili zilipokwisha, serikali za kikoloni hazikuwa tayari kuubeba mzigo huo, na jaribio likakoma mwaka 1937.

Mwaka 1939 Waingereza walianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo aliagiza filamu ziende polepole, ziwe nyepesi, na zisiwe na hila zozote za kamera. Imani hiyo ilikuwa ya dharau, na watazamaji wenyewe waliikanusha kwa vitendo, maana katika sehemu nyingi za Afrika walikimbilia sinema za Charlie Chaplin na za wapanda farasi wa Marekani. Lakini mafundisho ya Sellers yaliacha alama. Filamu ya polepole iliyoletwa na gari la serikali ilizoeleka kuwa ni somo. Baada ya uhuru magari ya Wizara ya Habari yaliendelea kuzunguka mashambani, na pamoja nayo magari ya makampuni yaliyotangaza sabuni na vinywaji. Yote yalionyesha sinema bure, na yote yalikuwa na jambo la kumwuzia au kumfunza mtazamaji. Kwa hiyo utulivu wenyewe ulitiliwa shaka: mtu akiona filamu inakwenda taratibu, hungoja aambiwe achimbe choo.

Upande wa biashara ulifuata njia nyingine. Majumba ya sinema yalijengwa katika miji mikubwa, na filamu zilizoonyeshwa humo zilitoka Uingereza, Marekani na Uhindi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwishoni mwa ukoloni, iliweka kibali cha kupiga picha na cheti cha kuonyesha filamu mkononi mwa serikali. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliunda shirika la Kenya Film Corporation ili kushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Shirika hilo liliugusa mlango wa kuingilia, lakini barabara ya kutoka mjini hadi sokoni haikupata kujengwa. Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, majumba mengi ya sinema yalianza kufifia, na baadaye baadhi yakawa makanisa au maduka.

Mahali pa majumba hayo palichukuliwa na vibanda vya video. Humo ndimo sanaa ya santuri za Vugiri ilipozaliwa upya bila kumjua mzazi wake. Msimulizi hukaa na kipaza sauti, akaieleza filamu ya Hong Kong, ya Uhindi au ya Marekani kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuongeza mizaha yake. Nchini Tanzania sanaa hiyo ilimpatia sifa Lufufu. Nchini Kenya DJ Afro amejulikana kwayo kila mahali. Ni kosa kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa imefanya yale ambayo mashirika ya serikali hayakuyaweza: imeifanya filamu ngeni izungumze lugha ya watazamaji. Lakini kibanda kina sheria yake. Msimulizi huishi kwa kelele za vita na vituko, na filamu ambayo maana yake imo katika ukimya wa mhusika humnyima kazi. Kwa hiyo filamu tulivu ilijikuta haina gari wala kibanda.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika filamu ya *Something Necessary*, iliyoongozwa na Judy Kibinge mwaka 2013. Ilitokana na warsha za filamu zilizofanyika Nairobi kwa msaada wa mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer. Warsha hizo ndizo zilizotoa *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, ambayo ilikuwa filamu ya wahalifu wa mjini na ilivuta watazamaji wengi. *Something Necessary* ilishika njia nyingine. Inamhusu Anne, muuguzi aliyenusurika katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambaye mume wake ameuawa na shamba lake kuharibiwa. Inamhusu pia kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji na ambaye sasa anatafuta namna ya kulipa deni la dhamiri yake. Hakuna ushindi ndani yake. Mna ukuta unaojengwa upya, na watu wawili wasiojua la kuambiana.

Ghasia hizo ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Miongoni mwa waliofukuzwa Bonde la Ufa walikuwamo Abagusii wengi, waliorudi katika vilima vya Kisii ambako ardhi ilikwisha kuwa finyu. Hivyo kisa cha Anne kilikuwa kisa chao. Filamu hiyo ilipelekwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2013, na ilistahili heshima hiyo. Lakini watu wa Toronto hawakuwa na jirani wa kusamehe wala shamba la kurudia. Filamu ya namna hiyo hukamilika pale tu inapotazamwa na wale wenye jeraha lenyewe, wakiwa pamoja, kisha wakazungumza.

Mfano wa pili ni *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, iliyotoka katika warsha zilezile. Ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyotibika, anayependa filamu za mashujaa. Kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Katika kijiji hicho kipo kibanda cha video na msimulizi wake, na hivyo *Supa Modo* inaonyesha ndani ya hadithi yake ile njia ambayo filamu za jinsi yake hazijazoea kuipita. Ilianza kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwezi wa Februari 2018, na mwaka huohuo ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar. Kanuni za tuzo hizo zilitaka kila filamu iwe imeonyeshwa kwao siku saba mfululizo katika jumba la kibiashara. Kanuni hiyo inafaa kutafakariwa: siku saba zinamtosheleza hakimu wa ng'ambo, na zaweza kutimizwa katika jumba moja la Nairobi. Kwa Suneka siku hizo hazikupata kupambazuka.

Haisemwi hapa kwamba matamasha ya ng'ambo ni maovu, wala kwamba watu wa sokoni hawataki ila kelele. Historia inaonyesha mambo mawili. Kwanza, umati ulikuja kila palipokuwa na pazia na sauti inayoeleweka. Pili, kila aliyegharimia pazia hilo, awe mkoloni, wizara, muuza sabuni au mfadhili, aliamua pia ni nini kitazamwe. Filamu tulivu haijapata mwenyeji wake. Vyombo vya kuipokea vipo: kumbi za shule na makanisa, viwanja vya soko, na wasimulizi wenye ufundi wa lugha, ambao wangeweza kuizungumza filamu ya huzuni kwa Ekegusii, Kijaluo au Kiswahili kama wanavyozungumza ile ya ngumi, wakijua pia mahali pa kunyamaza. Panapokosekana mwenyeji wa namna hiyo, kisa cha mtu wa Kisii kitaendelea kusafiri hadi Toronto na Berlin kabla ya kupita barabara ya kilomita chache kutoka Kisii hadi Suneka.