Mama akiondoka, nani atabaki naye? Historia ya watu wazima wenye ulemavu wa akili na majirani zao

Juma lililopita, kisha kipindi chetu, mama mmoja aliyekimbia vita alinisimamisha barabarani. Anaishi kwa familia iliyompokea, yeye na kijana wake wa miaka 31. Kijana huyo ana ulemavu wa akili. Anateka maji, anapasua kuni, anasalimia avenue nzima. Lakini hawezi kuhesabu pesa, na akipita njia asiyoizoea, anapotea. Mama aliniuliza: "Mwana wangu wa redio, nikifa mimi, nani atabaki naye?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikatafuta jinsi watu wa mahali pengine walivyojibu swali hilo. Nimekuta historia ndefu, na sehemu yake moja inafanana sana na maisha yetu hapa.

Kwanza tuelewane. Ulemavu wa akili si kichaa. Mtu anakuwa nao tangu utoto, anajifunza polepole, na hakuna dawa ya kuuondoa. Kichaa ni ugonjwa, unaweza kumpata mtu yeyote, na mara nyingi unatibiwa. Zamani watu walichanganya mambo hayo mawili, na hata leo mitaani kwetu bado tunayachanganya.

Sasa twende Ubelgiji, katika mji mdogo unaoitwa Geel. Tangu zama za kati, watu walipeleka huko ndugu zao wenye shida za akili, ili waombewe katika kanisa la Mtakatifu Dymphna. Wageni walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwepo kanisani. Basi wakaaji wa mji wakaanza kuwalaza nyumbani kwao. Wengine hawakurudi tena makwao. Walibaki wakila meza moja na familia, wakilima, wakichunga ng'ombe, wakilea watoto wa nyumba. Miongoni mwao wengi walikuwa na ulemavu wa akili. Watu wa Geel hawakuwaita wagonjwa. Waliwaita wapangaji.

Mwaka 1850 serikali ya Ubelgiji ilitunga sheria juu ya watu wenye shida za akili, na kazi ya Geel ikaingia mikononi mwa serikali. Familia iliyompokea mtu ilipewa pesa kidogo, na daktari alipita kuangalia. Mwaka 1862 kituo cha matibabu kilifunguliwa, ili mpangaji akizidiwa asibaki mzigo wa familia peke yake. Kufikia mwaka 1938, wapangaji walikuwa zaidi ya 3,700. Leo wamebaki wachache, kwa sababu mashamba yamepungua na akina mama wengi wanafanya kazi nje ya nyumba. Lakini desturi haijafa, na mwaka 2023 UNESCO iliitambua kama mfano mzuri wa kulinda urithi.

Mahali pengi Ulaya na Marekani walichagua njia nyingine. Walijenga majumba makubwa mbali na miji, wakafungia humo maelfu ya watu. Mtu aliingia akiwa mtoto na kutoka akiwa maiti. Siri ilifichuka miaka ya 1960. Huko Uingereza, mwaka 1967 gazeti lilitoa habari za mateso katika hospitali ya Ely, mjini Cardiff. Uchunguzi ulifanyika, ripoti ikatoka mwaka 1969, na mwaka 1971 serikali ikatangaza mpango wa kupunguza watu hospitalini na kuwasaidia katika jamii. Nataka waandishi wa habari wenzangu wakumbuke hilo: mlango huo ulifunguliwa na mfanyakazi aliyekataa kunyamaza, pamoja na gazeti lililokubali kumsikiliza.

Huko Sweden, Bengt Nirje aliandika mwaka 1969 wazo ambalo leo linaonekana rahisi: mtu mwenye ulemavu wa akili apate siku ya kawaida kama wengine. Aamke, avae, aende kazini, apumzike, acheze, apende. Na akiwa mtu mzima, asitendewe kama mtoto. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon, Marekani, wenye ulemavu huo wenyewe walifanya mkutano wao. Walisema wamechoka kuitwa kwa jina la ulemavu wao, wao ni watu kwanza. Toka hapo hawakukubali tena kusemewa kila kitu na wazazi na madaktari.

Lakini kulikuwa na kosa pia. Mahali pengine majumba yalifungwa, ila pesa hazikuwafuata watu mtaani. Neno "jamii" likawa na maana ya mama mmoja aliyechoka.

Hapo ndipo historia inapotukuta sisi. Kwetu Kongo majumba makubwa ya namna hiyo hayakuenea. Tangu zamani mtu wa aina hiyo yuko nyumbani. Tunajisifu kwamba hatumtupi mtu, na kuna ukweli. Lakini tuseme ukweli wote: kuna wanaofichwa chumbani wageni wakifika, kuna wanaofungwa kamba, kuna mama wanaoambiwa wamezaa laana. Na vita ikija, mtu huyu hajui kwa nini tunakimbia. Kwenye kugawa chakula, hawezi kujieleza, na jina lake mara nyingi linakosekana kwenye liste.

Sheria tunazo. Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kipengele cha 19 cha mkataba huo kinasema kila mmoja ana haki ya kuishi katika jamii na kupata msaada humo. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda haki zao. Kazi iliyobaki ni kuishusha sheria hiyo mpaka kwenye avenue.

Na tusiseme hatujui kupokea. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na Goma ikaambiwa ihame, wangapi walilala Sake, Minova na Rutshuru kwa watu wasiowajua? Familia ya kupokea si jambo la Ubelgiji. Tunalijua sana. Tofauti ni kwamba Geel ilikuwa na mambo mawili yanayokosekana kwetu: pesa kidogo kwa familia, na mtu wa afya anayepita. Hayo tuyadai kwa serikali na kwa mashirika, bila aibu.

Tukingoja, kuna yasiyohitaji franka. Shefu wa avenue aandike jina la mtu huyo. Majirani watatu wajue jina lake, anachopenda, kinachomtisha, na nani wa kumwita akipotea. Kanisa, msikiti na likelemba ya akina mama wampe kazi anayoiweza. Na tumuulize yeye mwenyewe anataka kukaa na nani.

Juzi nilipita tena kwa yule mama. Kijana alikuwa akimtekea jirani maji, jirani akimpigia hadithi. Sikuwa na jibu kamili la kumpa mama. Nilimwambia tu kwamba jibu lake linaanzia hapo, kwenye kibidoni cha jirani, lakini lisiishie hapo.