Pedalie ya VTT ya bei ndogo: inadumu, ama inakula franka zako?

Asubuhi, kwenye njia ya kutoka Sange kwenda Uvira, kinga zinapita moja nyuma ya ingine: moja na ndizi, moja na mfuko wa makala, ingine na bido za maji, ingine na mtoto anayepelekwa shuleni. Zamani nyingi zilikuwa zile kinga nzito za chuma kutoka China ama India. Leo VTT ni nyingi, zingine mpya, zingine okazio kutoka Ulaya. Anayenunua anaangalia rangi, anafinya matairi, anajaribu freni. Pedalie haiangalii. Na mara nyingi ni pedalie inayomwacha njiani.

Kwangu ilikuwa vile. VTT yangu ya kwanza niliinunua mpya. Wiki ya tatu, manivele ya kushoto ikaanza kulia kidogo kila mara nikikanyaga. Sikujali. Siku nne nyuma yake ikatoka yote chini ya mguu wangu, nikasukuma kinga mpaka nyumbani. Fundi aliponiangalizia akaniambia kwamba bulo tu ndiyo ililegea. Ingekuwa kazi ya dakika mbili. Lakini kwa zile siku nne tundu la manivele lilikuwa limekwisha kulika, na nikalipa pedalie nzima.

Makala hii inaeleza pedalie za bei ndogo zimetengenezwa namna gani, ni nini inaziua, na namna ya kuhesabu kama ile unayoonyeshwa sokoni iko na faida kweli.

Pedalie ni vitu gani

Tunaposema pedalie, tunasema vitu vinne vinavyofanya kazi pamoja. Manivele mbili ndiyo mikono inayobeba pedali. Plato ndiyo duara lenye meno linalovuta mnyororo. VTT nyingi za bei ndogo ziko na plato tatu. Akse ndiyo chuma kinachopita ndani ya kadre na kuunganisha manivele mbili. Na bile ndizo zinazofanya akse izunguke bila kukwaruza.

Mzigo unaopita humo si mdogo. Chukua mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya pedali moja ili apande kilima. Manivele iko na urefu wa milimita 170. Akiwa kwenye plato ya meno 42, mnyororo unavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 140, mara mbili ya uzito wake. Akishuka kwenye plato ndogo ya meno 24, kinga inakuwa nyepesi kwa miguu, lakini mnyororo unavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 245, na meno ya kugawana ile nguvu ni machache. Ndiyo sababu plato ndogo inalika haraka kwa yule anayepanda na mzigo kila siku. Kwenye milima ya Walungu ama Lubero, ambako mzigo mkubwa unasukumwa kwa mkono, pedalie inapumzika kidogo. Kwenye bonde la Ruzizi, ama kwa vijana wa toleka wa Kisangani wanaobeba watu, haipumziki.

Aina tatu utakazokuta

Ya kwanza ni ya klaveti. Ndiyo ile ya kinga za zamani. Manivele ni ya chuma, na inashikwa kwenye akse na kipande kidogo cha chuma kinachoitwa klaveti, kinachopigwa na nyundo kisha kinakazwa na ekru. Klaveti inalika, ni kweli, lakini yenyewe ndiyo inakufa mbele, na ni piesi ya bei ndogo kabisa. Ukiibadilisha mapema, manivele inaweza kuzika klaveti nyingi. Ukiacha manivele icheze muda mrefu, tundu linapanuka na akse inapata kovu, hapo hata klaveti mpya haishiki. Jambo moja la kukumbuka: klaveti mbili zinaingia kwa kupingana. Zikiingia upande mmoja, manivele hazinyooki.

Ya pili ni ya akse ya mraba, na VTT nyingi za bei ndogo ziko nayo. Ncha ya akse ni mraba unaopungua kidogo kidogo, na manivele iko na tundu la mraba vilevile. Bulo inasukuma manivele ipande juu ya mraba mpaka ishike. Zile okazio za Ulaya zenye pedalie za Shimano za ngazi ya chini, kama Tourney na Altus, mara nyingi ni za namna hii. Ni kitu chepesi na imara, kwa sharti moja: bulo isilegee. Akse ni chuma kigumu, manivele mara nyingi ni aluminiyo laini. Ukikanyaga na bulo imelegea, chuma kinakula aluminiyo, mraba unakuwa mviringo. Hapo hakuna dawa. Kipande cha kopo kinachopachikwa ndani kitakufikisha nyumbani, lakini hakitakufanyia kazi ya mwezi.

Ya tatu ni zile za kisasa, ambako akse ni nene, ina uwazi ndani, imeshikamana na manivele ya kuume, na bile ziko inje ya kadre. Shimano ilianza kuuza za namna hiyo kwa VTT za bei kubwa mwaka 2003, chini ya jina Hollowtech II, na sasa zinafika kwetu kwenye okazio. Zinashika vizuri sana. Lakini bile zake ni za namna yake na vifungulio ni vyake. Kama fundi wa mtaa wenu hana piesi wala kle, kinga yako nzuri itasimama kwenye ukuta.

Mbaya na nzuri ziko wapi kwenye bei ndogo

Watu wengi wanafikiri kwamba aluminiyo ni nzuri kuliko chuma juu inang'aa na ni nyepesi. Kwa mtu wa mashindano, ndiyo. Kwa mtu wa mzigo, gramu mia mbili ama tatu si kitu. Manivele ya chuma ikichoka inajikunja mbele, na mguu wako unasikia. Aluminiyo haikunji sana; inapasuka polepole ndani, kisha siku moja inakatika kwa mara moja. Zingine zimefunikwa na plastiki nyeusi na huwezi kujua ni nini ndani. Beba sumaku ndogo, hata ile ya bafle ya redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma.

Kwa plato, chuma ndiyo inashinda kwa kudumu. Swali kubwa ni namna plato zilivyoshikwa. Kwenye pedalie za bei ndogo kabisa, plato tatu zimepigwa riveti pamoja na manivele. Moja ikilika, unatupa zote. Kwenye zile za bei kidogo juu, zimefungwa na bulo ndogo, na unaweza kubadilisha ile moja tu iliyokwisha. Kwa mtu wa kazi, hizo bulo ndogo ziko na thamani kuliko jina lililoandikwa juu ya manivele.

Tena bei kubwa peke yake si ahadi ya kudumu. Mwezi wa 9 mwaka 2023, Shimano yenyewe ilitangaza kwamba pedalie zake za bei kali za kinga za mashindano ya barabarani, zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2019, zipelekwe zikaangaliwe bure. Manivele zake zilikuwa za vipande viwili vilivyounganishwa na gundi, na vilikuwa vinaachana. Kwa Amerika ya Kaskazini peke yake ilihusu karibu pedalie 760,000. Zile za bei ndogo, zenye manivele ya kipande kimoja, hazikuhusika.

Nini inaua pedalie mapema

Bulo iliyolegea ndiyo ya kwanza. Tumeisha isema.

Ya pili ni mnyororo mzee. Mnyororo ukilika unarefuka, haukai tena vizuri kati ya meno, na unayanoa mpaka yanakuwa kama mapezi ya samaki. Unaweza kuupima na rula ya mwanafunzi ya sentimita 30. Hesabu vipande 22, kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 23. Mnyororo mpya unatoa karibu sentimita 27.9. Ukipita 28.1, badilisha. Ukifika 28.2, ujue plato na pinyo zimekwisha kuanza kuliwa. Ukiweka mnyororo mpya juu ya plato iliyolika, utaruka, na watu watasema mnyororo ni mbaya kumbe si yenyewe.

Ya tatu ni pedali iliyoingizwa kwa nguvu. Pedali ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha upande wa kushoto, kinyume ya zingine. Asiyejua anailazimisha na kle, na anakata njia ya bulo ndani ya aluminiyo. Anza na vidole. Kama vidole vinakataa, kitu hakiko sawa.

Ya ine ni nyundo. Manivele ya akse ya mraba inatolewa na chombo chake cha kuvutia, si kwa kupigwa. Nyundo inaumiza bile na nyumba yake. Fundi mwenye kile chombo, hata akiomba franka kidogo zaidi, anakuokolea pedalie.

Ya tano ni matope na vumbi. Mafuta ya vidanji ya motari yamejaa unga wa chuma. Yakichanganyika na mchanga yanakuwa kama jiwe la kunolea. Matone machache ya mafuta masafi, kisha unapangusa yaliyobaki na kitambaa, yanatosha.

Hesabu ya faida

Tuchukue mfano tu. Weka bei za soko lako. Tuseme pedalie moja ni dolari 10 na inadumu miezi 5. Ya pili ni dolari 22 na inadumu miezi 20. Kila pedalie ikifa unapoteza siku 2 za kazi, na kila siku inakuletea dolari 3.

Kwa miezi 20, ya kwanza utainunua mara 4: dolari 40, na siku 8 zilizopotea ni dolari 24. Jumla 64. Ya pili: dolari 22, na siku 2 ni dolari 6. Jumla 28. Ile iliyoonekana ghali imekugharimu chini ya nusu.

Lakini geuza hesabu. Tuseme ile ya dolari 22 haiko kwenye soko lenu, inaagizwa Bujumbura ama Kampala, na unangoja siku 14 za kazi. Hapo ni dolari 22 na 42 za siku zilizopotea: 64 tena. Faida yote imekwisha njiani. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni hili: ikikufa, piesi yake nitaipata wapi, na kwa siku ngapi?

Kabla ya kulipa

Shika manivele mbili, zisukume kushoto na kuume. Zikicheza pamoja, bile zimelegea ama zimelika, hiyo inatengenezeka. Ikicheza moja tu, tundu lake limekula, acha.

Zungusha pedalie huku ukiangalia plato kutoka juu. Ikiyumba kidogo, fundi anaweza kuinyoosha kama ni chuma. Ikiyumba sana, akse ama plato imepindika.

Angalia meno. Yaliyolika yanalala upande mmoja na yako na ncha kali.

Pangusa manivele na kitambaa, hasa kuzunguka tundu la pedali na pale inapoungana na plato. Ukiona mstari mwembamba mweusi usiotoka, ni ufa. Usikubali kudanganywa kwamba itasudiwa: manivele ya aluminiyo imepewa ugumu wake na moto wa kiwanda, na moto wa kusude unaiondolea ule ugumu. Na kama uko tayari nayo kwenye kinga yako, itoe leo. Manivele ikikatika ukiwa umesimama juu ya pedali, na mtu nyuma, mnaanguka wote wawili mbele ya magari.

Kisha, ukiisha nunua, kaza bulo mbili za akse nyuma ya siku ya kwanza, na tena nyuma ya wiki moja. Kutoka hapo, ukisikia manivele inalia ama inacheza, shuka. Usiseme nitafika kwanza. Omba kle kwa fundi wa kwanza utakayemwona, kaza, kisha uendelee.