Mkasi wa Msimuliaji

Vita hupiganwa mara moja, lakini husimuliwa mara nyingi. Askari husimulia aliyoyaona mbele ya macho yake, jemadari huandika yale yanayompasa kuwaarifu wakubwa wake, na mkulima ambaye shamba lake lilikanyagwa huwasimulia wajukuu hasara aliyoipata. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kusema yote. Kila mmoja huchagua, na kuchagua ni kukata. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ana kazi mbili: kuyasoma yaliyosemwa, na kuyatafuta yaliyoachwa. Insha hii yatoa mifano miwili ya kazi hiyo. Wa kwanza ni filamu ya vita ya Kichina iliyoonyeshwa kwa marefu mawili yaliyo mbalimbali. Wa pili ni vita vilivyopiganwa kwetu, karibu na Ziwa Victoria.

Mwaka 208 Cao Cao, waziri mkuu wa dola ya Han, aliteremka kutoka kaskazini ya Uchina na jeshi kubwa ili awatiishe watawala wa kusini. Wawili kati yao, Sun Quan na Liu Bei, waliungana kumpinga. Majeshi yalikutana katika mto Yangtze, mahali paitwapo Jabali Jekundu. Watu wa kusini walijaza kuni na mafuta katika vyombo vichache, wakangoja upepo mwema, wakavisukuma hadi penye merikebu za adui na kuvitia moto. Cao Cao alirudi kaskazini, na Uchina haikuwa tena chini ya mtawala mmoja mpaka mwaka 280.

Habari hiyo ndiyo aliyoifanyia filamu mwongozaji John Woo, nayo yaitwa Red Cliff, yaani Jabali Jekundu. Katika Uchina na nchi jirani ilitolewa kwa sehemu mbili, ya kwanza Julai 2008 na ya pili Januari 2009, na zote pamoja zakaribia muda wa saa tano. Kwa watazamaji wa Ulaya na Marekani sehemu hizo mbili zilifanywa filamu moja ya muda wa saa mbili na nusu hivi. Picha ni zile zile, wachezaji ni wale wale, na moto wa mtoni ni ule ule. Kilichoongezeka ni mkasi.

Yafaa kwanza tuwe waadilifu kwa mwenye mkasi huo. Mtoto wa Kichina huyasikia majina ya Cao Cao na Zhuge Liang tangu utotoni, kama mtoto wa Kijaluo alivyo na habari za Luanda Magere. Hahitaji kuelezwa nani ni nani. Mgeni, kwa upande wake, aweza kupotea kati ya majina mengi kabla vita havijaanza. Ndiyo sababu toleo fupi lina sauti ya msimulizi anayesema Kiingereza, ambaye mwanzoni humweleza mtazamaji hali ya nchi ilivyokuwa. Hapo mkataji amemsaidia mgeni, wala hakumdanganya.

Lakini tazama alivyokata kwingine. Katika toleo refu, Sun Quan ni mtawala kijana mwenye mashaka. Huenda kuwinda chui mkubwa mwenye milia, na katika mawindo hayo ujasiri wake huamka. Katika toleo fupi mawindo hayo hayamo. Mtawala anaamua kupigana, lakini njia aliyopita moyoni mwake mpaka kufikia uamuzi huo imefupishwa. Tena kuna kisa cha mishale. Zhuge Liang, mshauri wa Liu Bei, anaahidi kuleta mishale 100,000 kwa siku tatu, na asipoileta atalipa kwa maisha yake. Anapeleka mashua zilizofunikwa majani makavu katika ukungu. Adui anazipiga mishale kwa hofu, na mashua zinarudi zimejaa mishale. Toleo fupi limebakiza mashua, ukungu na mishale, lakini limeondoa tishio la kifo. Jicho limeachiwa la kuliona, na moyo umenyang'anywa sababu ya kuogopa.

Huo ndio mwenendo wa mkasi mara nyingi. Hubakiza tendo, hukata sababu. Tendo huonekana na hupendeza. Sababu ni ndefu, nayo humtaka msikilizaji avumilie. Ajabu ni kwamba habari iliyokatwa hivyo haina uongo ndani yake. Kila kilichomo kimo pia katika ile ndefu. Hata hivyo mtu aliyetazama fupi peke yake atatoka na vita vingine akilini.

Hapa mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba lililo refu ndilo la kweli. Kisa cha mishale, pamoja na urefu wake wote, kilitiwa nguvu na riwaya mashuhuri ya Falme Tatu, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya Luo Guanzhong, mtu wa karne ya 14. Mwanahistoria Chen Shou, aliyeandika katika karne ya 3, hamhesabii Zhuge Liang kisa hicho. Zaidi ya hayo, imehifadhiwa habari ya barua ambayo Cao Cao alimwandikia Sun Quan, akidai kwamba maradhi yaliwashika watu wake, na kwamba yeye mwenyewe alizichoma merikebu zake na kuondoka. Kwa watu wa kusini moto ule ulikuwa ushindi wao. Kwa Cao Cao ulikuwa amri yake. Urefu wa habari, basi, si kipimo cha ukweli wake. Kipimo ni kuiweka habari moja karibu na nyingine, na kuuliza kila moja ilifanywa na nani, kwa ajili ya nani, na imemwacha nani nje.

Sasa tuchukue kipimo hicho tuje nacho nyumbani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na bandari hiyo ikawa kituo cha meli za mvuke zilizopita kila upande wa ziwa. Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914, ziwa lilikuwa la mataifa mawili yenye uadui: kaskazini Waingereza, kusini Wajerumani waliokuwa na bandari zao Mwanza na Bukoba. Tarehe 11 Septemba kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen, kilichovuka mpaka kutoka kusini, kiliingia mji wa Kisii. Askari wa King's African Rifles walikuwa wamepelekwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka pwani ya Kendu na kupanda milima kwa miguu. Tarehe 12 majeshi hayo yalipigana karibu na mji mpaka jioni. Kapteni Thorne, aliyewaongoza askari wa upande wa Waingereza, aliuawa. Usiku pande zote mbili ziliondoka. Wajerumani wakarudi kwao, na Waingereza wakahesabu kwamba adui amefukuzwa.

Hilo ndilo toleo fupi la vita vya Kisii. Lina tarehe, lina majina ya maofisa, na kila neno lake laweza kuthibitishwa. Ukilisoma, utadhani milima ile ilikuwa tupu, wakaja watu wa mataifa mawili, wakapigana, wakaenda zao.

Toleo refu huanza mapema zaidi. Mwaka 1905 serikali ilipeleka jeshi kuwatiisha Abagusii, na watu wenye mikuki walikabili bunduki. Januari 1908 kijana Otenyo, aliyechochewa na nabii wa kike aitwaye Moraa, alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali. Northcote alipona, lakini nchi ya Gusii iliadhibiwa kwa moto na kwa kunyang'anywa mifugo. Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alitangaza kwamba alimezwa na joka la ziwani, Mumbo, kisha akatemwa akiwa na ujumbe: Wazungu wataondoka. Imani hiyo ilienea kusini hata ikafika kwa Abagusii.

Fikiri basi watu hao waliona nini Septemba 1914. Maofisa wa serikali walikuwa wameuacha mji kabla adui hajafika. Wajerumani wakaja, Waingereza wakaja, wakauana, na kesho yake hapakuwa na huyu wala yule. Mji ulibaki mikononi mwa wenye nchi. Ni kosa gani kudhani kwamba utawala umekwisha, na kwamba yaliyosemwa yametimia? Watu waliingia katika ofisi za serikali na maduka, wakaenda hata kwenye misheni za Nyabururu na Nyanchwa, wakachukua mali. Waingereza waliporudi, waliita jambo hilo unyang'anyi, na adhabu yake ikawa nzito: nyumba zilichomwa moto na ng'ombe wakatwaliwa.

Neno unyang'anyi si la uongo, kwa maana mali ilichukuliwa. Lakini limefanya kazi ya mkasi. Limebakiza tendo na kukata miaka tisa iliyotangulia, yaani sababu. Mali iliyochukuliwa kwa siku mbili imeandikwa. Ng'ombe waliochukuliwa tangu 1905 wamesahauliwa. Kama mashua za Zhuge Liang, tendo limebaki bila ya kile kilicholipa maana.

Linganisha tena na habari nyingine ya ziwa hili hili. Juni 1915 meli zilitoka Kisumu zimejaa askari kwenda kuishambulia Bukoba. Mji ulitekwa tarehe 23, mnara wa simu ya upepo ukavunjwa, na askari washindi wakaupora mji. Masimulizi mengi ya shambulio hilo husifu mwendo wa meli, kuanguka kwa mnara, na ushujaa wa wazee kama Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyekuwa miongoni mwa wapiganaji. Uporaji hutajwa haraka haraka, pengine kwa kicheko. Abagusii waliochukua mali katika mji ulioachwa walichomewa nyumba. Askari waliochukua mali katika mji walioushinda walirudi Kisumu kama mashujaa. Matendo mawili yafananayo yaliwekwa katika masimulizi mawili, na msimuliaji ndiye aliyeamua lipi liitwe aibu na lipi lipitwe. Hayo huyaoni ukisoma habari moja peke yake. Huonekana unapoziweka mbili pamoja.

Kuna pia watu ambao mkasi uliwapitia karibu wote. Majeshi ya vita vile hayakuwa na magari ya kutosha wala njia, na wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Vyakula, risasi na mizinga vilichukuliwa vichwani. Wachukuzi wengi mno walitolewa Nyanza, miongoni mwa Wajaluo, Waluyia na Abagusii, nao Kisumu ilikuwa mlango wa safari yao. Kikosi chao, kilichoongozwa na Oscar Watkins, kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu vikafanya jina hilo Kariokor. Wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana makaburi yenye majina. Kumbukumbu yao imebaki katika mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu hupita huko kila siku kununua na kuuza, bila kukumbuka kwamba wanatamka jina la kikosi cha wafu.

Msomaji kijana, usidhani kwamba nakushauri uyachukie masimulizi mafupi. Maisha ya mtu hayatoshi kusikia kila habari kwa urefu wake, na hata insha hii imekata mengi. Nakushauri uwe na maswali matatu kila usomapo habari za vita au uzitazamapo katika filamu. Je, imeanza wapi, na ingeanza mapema zaidi ingekuwa na maana gani? Je, nani ana jina, na nani ametajwa kwa hesabu tu? Je, tendo lile lile likitendwa na upande wa pili huitwaje?

Maswali hayo si ya darasani tu. Waliokuwa hai mwaka 1914 karibu wote wamekwisha kufa. Yaliyobaki ni yale waliyowaachia watoto na wajukuu, nao pia wanazeeka. Katika nyumba nyingi kutoka Kendu mpaka Kisii, na kutoka Alego mpaka Kano, pengine bado lipo jina la babu aliyekwenda Kariokor asirudi, au habari ya ng'ombe waliotwaliwa. Habari hizo nazo zina mkasi wao, kwa kuwa mjukuu hupenda kumsifu babu yake. Lakini zimebakiza vipande ambavyo maandishi ya serikali yaliviangusha chini. Filamu ikikatwa, picha zilizoondolewa huweza kuwekwa ghalani, zikatolewa tena wakati wowote. Kumbukumbu ya mzee haina ghala. Ikiwa haikuulizwa leo na kuandikwa, itakuwa imekatwa kwa mkasi usioshikwa na mtu yeyote, nao hauna wa kulaumiwa isipokuwa sisi tuliokuwa karibu tukanyamaza.