Maji kwanza, hospitali baadaye: historia fupi ya kumpoza aliyezidiwa na joto

Msomaji, fikiria uko Ushongo, mwezi wa pili, saa saba mchana, kaskazi imelala kabisa. Kijana anayebeba matofali anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, mara anaanguka. Ukimgusa, mwili ni moto. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto. Unakimbilia bodaboda au maji?

Hicho ni kiharusi cha joto: joto la mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuvurugika. Namna ya kumpoza mtu kama huyu imebishaniwa sana. Wapo madaktari waliohofia kwamba maji baridi husinyaza mishipa ya ngozi na kumtetemesha mgonjwa, joto likabaki ndani. Mwaka 1980, Joseph Weiner wa Uingereza na Mustafa Khogali wa Sudan walieleza katika jarida la Lancet kitanda cha wavu ambapo mgonjwa ananyunyiziwa maji laini kama ukungu huku akipulizwa hewa ya uvuguvugu. Maji yakikauka, yanaondoka na joto. Kifaa hicho kiliwatibu mahujaji Makka.

Ila Makka ni jangwa, hewa yake inakunywa maji. Huku pwani si unajua mwenyewe: jasho linatiririka tu, halikauki.

Sasa twende Falmouth, mji wa pwani Marekani wenye mbio za barabarani kila Agosti. Mkimbiaji akipatwa na kiharusi cha joto, anazamishwa palepale kwenye beseni la maji ya barafu. Mwaka 2015 watafiti walitoa hesabu ya miaka 18: wagonjwa 274, hakuna hata mmoja aliyekufa. Mishipa husinyaa kweli, lakini maji baridi huvuta joto haraka kuliko mwili unavyolitengeneza.

Basi kwa yule kijana wetu: mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mtu mwingine apige simu kuomba usafiri. Mlaze kwenye turubai, watu wanne washike pembe, mmwagie maji ya kisima ndoo kwa ndoo, na barafu ya muuza samaki kama ipo. Kichwa kiwe juu ya maji. Mpepeeni. Kama hajitambui, msimnyweshe chochote. Panadol haisaidii hapa.

Usafiri ukifika, msiache kummwagia maji njiani. Kila dakika ubongo unapokaa kwenye joto lile, unaumia.